Kipimo cha mwanangu kimesoma 7: je, nimfungulie mlango muuguzi wa kaunti?

"Daktari, naomba unisaidie. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, sasa tunaishi Rochester, jimbo la New York, kwenye nyumba ya zamani ya kupanga. Mtoto wangu wa pili ana miaka miwili na miezi miwili. Kliniki walimchoma kidole wakasema madini ya risasi kwenye damu yamesoma 11. Baada ya wiki wakamtoa damu mkononi, ikasoma 7.2. Hawakumpa dawa. Juzi nimepigiwa simu na idara ya afya ya kaunti, wanasema muuguzi na mkaguzi watakuja nyumbani. Jirani ananiambia nikiwafungulia watamchukua mtoto, na mwenye nyumba atatutoa nje. Mama mkwe anasema nimpe maziwa mengi kila asubuhi, yanaosha sumu. Mtoto mwenyewe anakula, anacheza, hana homa. Mume wangu anafanya kazi ya kubomoa na kukarabati nyumba. Mimi nina mimba ya miezi mitano. Mkubwa ana miaka sita, hajapimwa tangu mwaka tuliofika. Je, niwakatalie? Na kwa nini mtoto hapewi dawa?"

Dada yangu, wafungulie. Nimelitanguliza jibu kwa sababu watapiga tena, na sitaki simu ikukute bado unasoma maelezo yangu marefu. Mengine yote hapa chini ni sababu, na mambo ya kufanya kabla hawajafika na baada ya kuondoka.

Tuanze na hizo namba mbili, 11 na 7.2. Iamini ya mkononi. Damu ya kidole hupita juu ya ngozi kabla ya kuingia kwenye kichupa, na kidole cha mtoto wa miaka miwili kimeshashika sakafu, viatu, dirisha na mkia wa paka. Chembe ya vumbi usiyoweza kuiona ikibaki pale, namba inapanda. Kwa hiyo kipimo cha kidole ni cha kuchuja tu: kikisoma chini mnarudi nyumbani, kikisoma juu mtoto anatolewa damu ya mshipa ili kuthibitisha. Kliniki yako imefuata utaratibu. Hawakukosea mara ya kwanza wala hawakukuficha kitu mara ya pili.

Sasa 7.2 ni kubwa au ndogo? Maana yake ni mikrogramu 7.2 za risasi katika kila desilita ya damu, yaani katika sehemu ya kumi ya lita. Tangu Oktoba 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinatumia namba 3.5 kama kiwango cha kuanzia kuchukua hatua. Watu wengi wanaielewa vibaya namba hiyo, hata baadhi ya wahudumu. Si kwamba chini ya 3.5 ni salama na juu yake ni sumu. Imewekwa kuwatambua watoto wachache, kama asilimia 2.5 hivi, ambao damu yao ina risasi nyingi kuliko wenzao wa miaka 1 hadi 5. Kiwango salama cha risasi kwa mtoto hakijapatikana.

Ukitazama historia ya namba yenyewe utaelewa. Miaka ya 1960 daktari wa Marekani hakushtuka mpaka mtoto afike 60. Mwaka 1971 wakashuka hadi 40, mwaka 1975 wakafika 30, kisha 25 mwaka 1985, 10 mwaka 1991, 5 mwaka 2012. Kila mara walishusha kwa sababu tafiti zilionyesha madhara chini ya mstari uliopita. Mmoja wa waliosukuma jambo hili, daktari Herbert Needleman, mwaka 1979 alichapisha utafiti uliotumia meno ya utotoni yaliyong'oka ya wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili katika miji miwili jirani na Boston. Waliokuwa na risasi nyingi kwenye meno walifanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya akili na walikuwa wepesi wa kupoteza umakini darasani, ingawa hakuna aliyewahi kuwaona kuwa wagonjwa. Na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, mtoto wa kawaida wa Kimarekani alikuwa na karibu 15. Leo wastani ni chini ya 1. Waliitoa kwenye petroli, wakaipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978, wakaitoa kwenye makopo ya chakula, na wakapima watoto ili wajue imebaki wapi. Mwanao yuko mbali sana na hali ya dharura, lakini ana risasi mara kadhaa ya mtoto wa kawaida wa nchi anayoishi, na hiyo inamaanisha kuna kitu mahali fulani anakila au anakivuta.

Unasema anakula na anacheza. Nakuamini, na ndivyo ninavyotarajia. Kwa 7.2 hutaona homa, kutapika wala kukonda. Risasi haina kazi yoyote mwilini. Inapenya kwa sababu mwili unaidhania kuwa kalsiamu au madini ya chuma. Milango ileile ya utumbo inayopitisha chuma inaipitisha na yenyewe, na mtoto mwenye upungufu wa chuma ndiye milango yake iko wazi zaidi. Mtu mzima akimeza risasi, karibu sehemu moja ya kumi ndiyo inaingia kwenye damu. Mtoto mdogo hufyonza karibu nusu. Halafu inafika kwenye ubongo, mahali ambapo seli hupeana taarifa kwa kutumia kalsiamu, inajiweka pale na kuvuruga mazungumzo. Umri wa mwanao ndio umri wa ubongo kuunganisha nyaya zake kwa kasi, na pia ndio umri wa kutia kila kitu mdomoni.

Madhara yake ni ya kimyakimya: lugha inachelewa kidogo, umakini unapungua, mtoto anakuwa na papara kuliko alivyopaswa. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2005, uliounganisha takwimu za watoto zaidi ya 1,300 kutoka nchi kadhaa, ulionyesha kwamba damu ikipanda kutoka karibu 2 hadi 10, alama za vipimo vya akili zinashuka kwa wastani wa karibu 4. Kutoka 10 hadi 20 zinashuka nyingine 2 hivi. Yaani hasara kubwa iko hapo mwanzoni, kwenye namba ambazo zamani ziliitwa ndogo. Lakini nisikutie hofu isiyo ya lazima. Huo ni wastani wa watoto wengi. Hakuna mtu anayeweza kumtazama mwanao na kusema risasi imempunguzia hiki na hiki. Mtoto anayeongeleshwa, anayesimuliwa hadithi, anayelala vizuri na kula vizuri, anapiga hatua. Kazi yetu ni kuzuia isiendelee kuingia.

Hapo ndipo linapokuja swali la dawa. Dawa ipo. Zipo zinazoshika risasi kwenye damu na kuitoa kwa mkojo, nyingine za kumeza, nyingine za sindano. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linazipendekeza kwa watoto kuanzia 45. Chini ya hapo, kwa mtoto asiye na dalili kubwa, hazina faida iliyothibitishwa. Jambo hili lilijaribiwa kwa makini: watoto 780 wa Marekani waliokuwa na viwango vya 20 hadi 44 waligawanywa, wengine wakapewa dawa, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Damu za waliopewa dawa zilishuka, lakini walipopimwa akili na tabia miaka mitatu baadaye hapakuwa na tofauti. Dawa hizi pia huondoka na madini mengine ambayo mtoto anayahitaji. Kwa hiyo ukiona mtu mtandaoni anauza matone ya "kusafisha sumu ya madini kwa watoto", pita. Risasi ya mwanao inatibiwa kwa kuondolewa kule inakotoka, na wanaojua kuitafuta ndio hao waliokupigia simu.

Kuhusu mama mkwe: mpe heshima yake, ana chembe ya ukweli. Kalsiamu ya kutosha hupunguza kiasi cha risasi kinachofyonzwa, na tumbo tupu hufyonza zaidi kuliko tumbo lenye chakula. Kwa hiyo mtoto asishinde bila kifungua kinywa. Ila maziwa hayaoshi risasi ambayo imeshaingia, na maziwa ya ng'ombe yakizidi sana, kama zaidi ya robo tatu ya lita kwa siku, mtoto anashiba, anakataa chakula kingine na anapata upungufu wa madini ya chuma, jambo ambalo linafungulia risasi ileile mlango. Bora vikombe viwili vya maziwa kwa siku, maharage, nyama kidogo au maini, dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, mboga za majani, na chungwa pembeni ili chuma kifyonzwe vizuri. Omba kliniki wampime wingi wa damu na chuma. Wakikuta pengo watampa matone. Chakula kinasaidia, lakini hakitashinda dirisha linalomwaga vumbi kila siku.

Sasa hao wageni wa kaunti. Katika jimbo la New York, kila mtoto anatakiwa kupimwa risasi akiwa na mwaka mmoja na tena akiwa na miwili. Maabara hairudishi majibu kwa daktari peke yake. Inayapeleka pia kwenye kumbukumbu za jimbo, na kaunti inayaona. Tangu Oktoba 2019, mtoto akithibitishwa kwa damu ya mshipa kuwa na 5 au zaidi, kaunti inawajibika kumfuatilia mpaka nyumbani. Hukuripotiwa na mtu. Hakuna aliyekushuku. Namba ilivuka mstari, jina likatokea kwenye orodha, wakapiga simu, kama walivyowapigia wazazi wengine wengi.

Mkaguzi atakuja na kifaa kinachofanana na mashine ya kusomea bei dukani. Anakigusisha kwenye mlango, kwenye fremu ya dirisha, kwenye ukuta, nacho kinasoma kama kuna risasi kwenye matabaka ya rangi hata kama ya juu ni mpya. Atafuta vumbi sakafuni na dirishani kwa vitambaa maalumu na kuvipeleka maabara. Huenda akachukua maji na udongo wa nje. Muuguzi atauliza maswali ambayo yatakuchosha: mtoto analala wapi, anapenda kukaa wapi, mnapikia nini, mmetoka na nini nyumbani, baba anafanya kazi gani. Jibu yote. Swali moja ambalo uliliona la kipuuzi ndilo linaweza kutoa jibu.

Nikupe mfano. Mwaka 2023 wahudumu wa afya wa North Carolina walikuwa wanafuatilia watoto ambao damu zao zilikuwa zimepanda, na nyumba zao hazikuonyesha chanzo cha kutosha. Walipouliza kuhusu chakula, wakakuta watoto wote wanakula tufaha lililosagwa la pakiti, lenye mdalasini. Mdalasini huo, uliosagwa Ecuador, ulikuwa umechanganywa na kemikali ya rangi yenye risasi. Pakiti ziliondolewa sokoni nchi nzima na mamia ya watoto wakatambuliwa. Watoto wengi wa namna hiyo hawana dalili za kumpeleka mtu hospitali. Kama wasingepimwa kliniki, na kama mama zao wangekataa kufungua mlango, pakiti zile zingeendelea kuuzwa.

Je, watamchukua mtoto? Hapana. Muuguzi wa risasi hafanyi kazi ya ustawi wa jamii, na mtoto hanyang'anywi mzazi kwa sababu nyumba ya kupanga ina rangi mbovu. Nisikudanganye lakini: kinacholeta matatizo ni mzazi kukwepa kabisa, kukataa vipimo vya kurudia, kukataa matibabu wakati mtoto yuko hatarini. Anayeshirikiana hana la kuogopa. Kama unaogopea karatasi zenu za uhamiaji, mliofika kama wakimbizi hampimwi kwa kigezo cha kuwa mzigo kwa serikali, na kipimo cha afya cha mtoto hakiguswi huko.

Kuhusu mwenye nyumba, hofu ya jirani yako si ya bure, maana wapo wanaojaribu. Ila sheria ya New York inamkataza mwenye nyumba kumfukuza mpangaji kwa kulipiza kisasi baada ya malalamiko ya afya au usalama. Na Rochester ina sheria yake, iliyopitishwa 2005 na kuanza kutumika mwaka uliofuata, inayotaka nyumba za kupanga zilizojengwa kabla ya 1978 zikaguliwe hatari za rangi ya risasi. Mji huo ni wa nyumba za mbao za zamani, kwa hiyo mwenye nyumba wako anaijua sheria hiyo vizuri kuliko wewe. Weka kila kitu kwa maandishi: piga picha ya rangi iliyobanduka, mtumie ujumbe wa simu wenye tarehe, uutunze. Akikutishia, mwambie muuguzi siku hiyohiyo na uulize ofisi ya msaada wa kisheria kwa wapangaji.

Jambo jingine: una haki ya mkalimani wa Kiswahili bila malipo, kliniki na kwenye ziara hiyo. Omba kwenye simu. Usimtumie mtoto wako wa miaka sita wala jirani, hasa jirani huyo.

Wakati unawasubiri, nenda kwenye dirisha la chumba anachoshinda mtoto. Pandisha kioo. Tazama pale chini kinaposhukia, kwenye mfereji mdogo wa mbao. Kwenye nyumba za aina hiyo mara nyingi utakuta vipande vya rangi kama maganda ya yai, wadudu waliokufa na vumbi la kijivu. Kila unapofungua na kufunga, mbao zinasuguana na kusaga rangi ya miaka mingi kuwa unga. Upepo unaupuliza sakafuni. Mtoto anasimama hapo, kidevu juu ya mbao, anaangalia magari, halafu analamba vidole. Kwa watoto wengi wa Rochester, safari ya risasi ni hiyo tu. Haihitaji ale vipande vya rangi. Ndiyo maana pia damu za watoto hupanda kiangazi, madirisha yakifunguliwa.

Fuata hivi. Loweka kitambaa cha karatasi kwenye maji yenye sabuni, futa mfereji wa dirisha na sakafu iliyo chini yake, tupa kitambaa, chukua kingine. Usifagie kwa fagio kavu. Linarusha vumbi lilelile hewani likatua tena. Usikwangue rangi na usipige msasa, na wewe mwenye mimba usiiguse kazi hiyo kabisa, wala usikae ndani mtu mwingine akiifanya. Matengenezo ni kazi ya mwenye nyumba, kwa mafundi wenye cheti cha kufanya kazi kwenye rangi ya risasi. Wakija bila kuziba vyumba kwa plastiki, wasimamishe na upige simu kaunti. Kwa sasa sogeza kitanda na midoli mbali na dirisha, bandika kadibodi au karatasi ngumu ya kunata pale rangi inapobanduka. Mnawishe mtoto mikono kabla ya kula na kabla ya kulala. Maji ya kunywa na ya uji yachote kwenye bomba la baridi baada ya kuyaacha yatiririke kidogo, kwa sababu ya moto huyeyusha zaidi risasi ya mabomba. Kuchemsha hakuondoi risasi. Maji yanapungua, risasi inabaki.

Lakini nyumba isipewe lawama zote kabla ya kumtazama baba. Mtu anayebomoa kuta za zamani anarudi na vumbi kwenye nywele, viatu, suruali na kiti cha gari. Mtoto anamrukia mlangoni. Hilo ni jambo zuri kabisa na sitaki liishe. Abadili nguo na viatu kazini, aoge, ndipo amrukie. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Na amwombe mwajiri apimwe damu, maana yeye mwenyewe huenda ana namba kubwa kuliko ya mtoto na hajui.

Halafu sanduku mlilokuja nalo. Kuna vitu vitatu vya nyumbani kwetu ambavyo muuguzi asiyevijua hatauliza, kwa hiyo mtolee wewe. Cha kwanza ni wanja. Ule wa asili wa jiwe, wanja wa manga, mara nyingi ni jiwe la risasi lenyewe lililosagwa, na watoto wetu hupakwa machoni na kwenye nyusi tangu uchanga, kwa urembo au kumkinga na jicho baya. Mkono unajisugua jicho, unaenda mdomoni. Acha, hata kama kichupa kimeandikwa kwamba hakina risasi. Cha pili ni sufuria nzito za alumini zinazosubiwa na mafundi wetu kutokana na vyuma chakavu, ambamo ndani yake huyeyushwa vipuri vya magari na lolote lililopatikana. Sufuria za namna hiyo kutoka nchi kadhaa za Afrika na Asia zimepimwa na kukutwa zinaachia risasi kwenye chakula, hasa kikiwa na uchachu wa nyanya, ndimu au ukwaju. Pikia kwenye chuma kisichoshika kutu. Cha tatu nakuuliza kwa upole kwa sababu wajawazito wetu hulificha: udongo wa kula, ule wanaouza kwenye maduka ya Kiafrika. Kama unautafuna, usione aibu, mwambie mkunga wako. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huweza kuwa na risasi.

Na mimba yako ni sababu tosha ya kupimwa wewe mwenyewe, wiki hii. Risasi ikiingia mwilini, kwenye damu inapungua nusu kwa mwezi mmoja hivi, lakini nyingine hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Mama akiwa mjamzito mwili wake unachota kalsiamu ya mifupa kumjengea mtoto, na risasi inatoka pamoja nayo, inavuka kondo la nyuma. Mama aliyekulia karibu na gereji au mahali pa kuyeyushia betri anaweza kumpa mtoto risasi ya utoto wake mwenyewe. Kalsiamu na chuma vya kutosha vinapunguza hilo. Ukishajifungua, nyonyesha; ni mara chache sana namba ya mama hufikia kiwango cha kumfanya daktari amwambie asubiri.

Mkubwa naye apimwe. Kwa watoto wa wakimbizi ushauri wa CDC ni kupimwa wanapofika, wote wa miaka 16 kwenda chini, na wale wa miaka 6 kwenda chini warudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa safi. Ushauri huu una chanzo kichungu. Mwaka 2000, huko Manchester, New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka miwili kutoka familia ya wakimbizi wa Sudan alikufa kwa sumu ya risasi wiki chache tu baada ya kufika. Kipimo chake kilikuwa 391, na nyumba waliyopangishiwa ilikuwa ya zamani yenye rangi inayobanduka. Baadaye, wahudumu walipoanza kurudia vipimo, walikuta watoto wengi wa Kiafrika waliofika wakiwa na damu safi wameipata risasi ndani ya Marekani. Kwa hiyo kipimo kimoja cha mwaka wa kufika hakimlindi mkubwa wako.

Nawaongezea neno wasomaji wa Mombasa, Dar es Salaam na Bukavu, ambao huku wananiandikia kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Petroli yenye risasi ilishaondoka kwetu kufikia mwanzo wa 2006, lakini betri za magari na za sola zinavunjwa uani, na wavuvi wanayeyusha risasi ya chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu, kwenye jiko lilelile la kupikia. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007 kikiwa kimepakana na makazi. Hapakuwa na utaratibu wa kupima watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi hapo, alimwona mwanawe akiugua na madaktari wakihangaika na magonjwa tuliyoyazoea mpaka mtu alipowaza kupima risasi. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikatenguliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miaka yote hiyo imepita kwa sababu namba ya damu ilikuja mwisho badala ya mwanzo. Ukiwa nyumbani na mtoto anacheza karibu na betri, muulize daktari moja kwa moja kuhusu kipimo cha risasi; kinapatikana kwenye maabara kubwa, na daktari asipoulizwa huenda asikiwaze.

Mpeleke mtoto hospitali mara moja, bila kungoja miadi, kama anatapika mfululizo na tumbo linauma, amelegea au ana usingizi usio wa kawaida, anayumba, anapata degedege, au amemeza kitu cha chuma usichokijua kama chubwi, kipambo au kipande cha betri. Kwa dharura piga 911. Kwa swali la sumu saa yoyote, kituo cha sumu cha Marekani ni 1-800-222-1222, na wana wakalimani. Na kama ukiona mwanao hasemi maneno mawili pamoja au hakusikilizi kama mkubwa alivyokuwa, mwambie muuguzi akuunganishe na huduma za jimbo za maendeleo ya watoto walio chini ya miaka mitatu. Ni za bure kwa familia, na ameshafika miwili, usizicheleweshe.

Damu itarudiwa ndani ya miezi mitatu. Usitegemee sifuri, ikishuka hadi 5 au 4 tunafurahi, kwa sababu mifupa inaendelea kuachia kidogokidogo. Ikibaki palepale, usafi wa dirisha peke yake haujatosha. Ikipanda, mpigie muuguzi siku hiyo na umwombe arudi na kifaa chake, aanzie kwenye viatu vya baba na jikoni kwako, halafu aulize mtoto anashinda wapi nyingine: kwa mlezi, kwa bibi, au kwa huyo jirani.